Kikohozi cha Bi Pindo

Kila Jumapili, waumini wakisali ile sala ya pamoja, Bi Pindo akifika pale pa kusamehewa na kusamehe alishikwa na kikohozi. Kabla ya hapo sauti yake iliwatangulia wenzake. Baada ya hapo ilirudi safi kama kawaida. Majirani wa benchi walimwonea huruma, wakawa wanamletea peremende, hata mkoba wake ukanukia kama duka la dawa. Alizipokea kwa shukrani. Kumdanganya Mungu usoni asingeweza, kwa hiyo alikohoa.

Jina la Pindo alilipata kazini. Alikuwa fundi wa kushona, na pindo za nguo zake zilinyooka hata ukizigeuza ndani nje. Zamani alishona katika chumba kimoja na shoga yake, chanda na pete. Kisha shoga akawanong'oneza wateja kwamba Pindo anadokoa vitambaa vyao. Fundi akishaitwa mwizi wa vitambaa amekwisha. Nani atamngoja ajieleze? Wateja wakamkimbia, chumba kikabaki kwa shoga, naye Pindo akaanza upya kwenye kichumba nyuma ya nyumba ya kaka yake. Miaka ikapita, na bado iliuma.

Ndipo binti wa shoga yule akaja na furushi la kitambaa cheupe.

"Mama mdogo," alisema, akimwita vile vile alivyomwita utotoni, "mama anasema gauni langu la harusi lisishonwe na mtu ila wewe. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano."

Bi Pindo akauliza mbona hakuja mwenyewe. Binti akatazama sakafu, akasema mama ameona haya.

Alikipokea kitambaa, maana wazo lilikuwa limeshamwingia. Kila fundi hupiga bandi kwanza, ile mishono mikubwa ya mkono inayoshikiza kitambaa mpaka mashine ipite. Mgongoni angeiacha bandi peke yake, aifunike kwa bitana, kile kitambaa cha ndani. Gauni lingesimama vizuri, lingetembea vizuri, lakini bibi harusi akipiga magoti tu, mgongo wazi mbele ya kanisa zima. Jina la fundi nalo lingechafuka, ndiyo, lakini lilikwisha chafuka. Heri wachafuke wote.

Akashona kama mtu aliye usingizini. Cherehani ilinguruma polepole, weupe ukajaa kichumba kutoka mezani hadi mlangoni kama ukungu, na humo ndani aliona mgongo ukifunguka, ukifunguka tena, na shoga yake amefunika uso. Raha iliyoje. Alithubutu hata kumwambia Mungu kwamba anajua kisasi si cha binadamu, ni chake Yeye, lakini mbona anachelewa?

Mchana mmoja wa joto akasinzia, paji la uso juu ya mashine, akaota kanisa. Bibi harusi akapiga magoti, mgongo ukaachia. Hakuna aliyecheka, na shoga hakuwepo. Alikuwepo binti peke yake, mdogo kama alipokuwa akichezea vipande vya vitambaa chini ya meza yao, ameshikilia gauni kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Mama mdogo," aliuliza bila kulaumu, "una pini?"

Bi Pindo alitafuta pini ndotoni mpaka akaamka analia. Aliona haya, haya ya kweli. Kisasi alichomtakia mama kilikuwa kinampata mtoto. Na huyo Mungu anayechelewa, akawaza, pengine alikuwa akimngoja yeye. Akafumua bitana, akapitisha mashine mgongoni mara mbili, ndipo akachomoa bandi, uzi mmoja mmoja. Hakujiona mtakatifu. Alijisikia mchovu tu, na njaa.

Siku ya harusi alikaa nyuma. Binti akapiga magoti, mgongo ukatulia. Ikaja sala. Alipofika pale pake koo likamkereketa kwa mazoea; akameza mate, akayasema maneno kwa sauti ndogo. Yalitoka yakikwaruza, lakini yalitoka.

Hapo hapo, benchi la mbele, mtu akakohoa. Alikuwa mama wa bibi harusi, ameinama, anakohoa mpaka maneno yale yakapita.

Bi Pindo akafungua mkoba, akatoa peremende, akamgusa bega aliyekaa mbele yake.

"Mpelekee mama wa bibi harusi," alinong'ona. "Mwambie kikohozi hicho nakijua."