Siku Nilipomtoa Mtani Kwenye Grupu

Mimi Kijapani nilianza kujifunza kwa hasira. Pale gereji Handeni, ninapofanya kazi ya umeme wa magari, kila gari lililotoka Japani ukiwasha swichi kuna mama anaongea. Sauti nzuri, ya adabu. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Madereva wote wana tafsiri zao. Mmoja anasema mama anakumbusha mkanda, mwingine anasema anatoa salamu. Fundi mkuu yeye alikuwa anawaambia wateja mama anasema oili imechoka, na watu wanabadilisha oili kweli! Siku moja nikamwambia mbele ya mteja kwamba hajui anachosema. Akanigeukia, "Kwani wewe unajua?" Sikujua. Hapo ndipo niliposhikwa.

Nikairekodi ile sauti, nikazunguka nayo kwenye simu wiki nzima natafuta maana. Kumbe mama wa watu analalamika kadi haijawekwa. Kadi ya kulipia barabara za kwao. Miaka yote hiyo yeye anasema kadi, sisi tunamwaga oili.

Basi nikawa siwezi kuacha. Nikaingia kwenye grupu la Watanzania wanaojifunza Kijapani wenyewe, bila mwalimu, wengine wako Mbeya, wengine Dar, wengine hata hawasemi wako wapi. Kwa jinsi nilivyokuwa naongea, mwezi wa tatu wakanipa uadimini ili labda nipunguze. Sikupunguza. Nilibishana siku tatu na jamaa mmoja aliyesema Kijapani hakina kitu kinachofanana na ngeli zetu. Nikamwambia hesabu penseli na karatasi kwa Kijapani uone. Vitu virefu vina hesabu yake, vitu vyembamba vya bapa vina yake, wanyama wadogo yao. Hiyo ni nini kama siyo ngeli? Akasema siyo ngeli. Nikamwita mbishi. Mimi!

Lakini kulikuwa na raha yake. Mtu anatuma voisi saa nne asubuhi, anauliza kwa nini Wajapani wanaimeza ile u ya mwisho kwenye "desu", na mpaka adhuhuri kuna voisi arobaini. Sisi kila herufi tunaitendea haki, tunasema de-su, wazi kabisa, kama tunaita mtu ng'ambo ya korongo. Mwingine akagundua ile n yao ya mwisho wa neno inasimama yenyewe, ina pumzi yake, kama n ya nchi na nne, kwa hiyo Mswahili haimsumbui kabisa, wanaosumbuka ni wengine. Tulifurahi siku nzima. Na mimi niliandika kwamba Kiswahili kinakukatalia mlangoni, ukisikia "si" unajua hakuna kitu. Kijapani kinakuingiza ndani, kinakupa kiti, unasikiliza sentensi yote, mwishoni kabisa ndiyo kinakwambia hapana. Watu walicheka. Nilikuwa naisoma tena na tena, ile niliyoandika mwenyewe.

Mwenzangu nilimwingiza mimi kwenye hilo grupu. Ni binti wa Kwedizinga, tulikaa dawati moja shule ya msingi. Nilivunja kioo cha ofisi ya walimu, akaulizwa yeye nani kavunja, akanyamaza, akala viboko vyangu vyote. Mtu kama huyo ukimgusa umenigusa mimi, sina maelezo zaidi. Alikuwa amesomea uhudumu wa afya, amekaa nyumbani anapalilia mihogo, na akapata nafasi ya usaili wa kwenda Japani kutunza wazee. Usaili kwa simu, video, Wajapani wenyewe wanauliza. Akipita anakwenda kwenye mafunzo, kisha safari. Akishindwa anarudi kwenye mihogo, maana umri wa mwisho wa kuomba ulikuwa ndio ule wake. Mara moja tu.

Zimebaki siku kumi na mbili akatuma voisi ya kujitambulisha kwenye grupu. Alitetemeka, lakini alimaliza. Mimi nilikuwa chini ya dashibodi ya gari, nikaacha waya zinaning'inia nikasikiliza. Kabla sijaandika hongera, likaingia jibu la mtu mmoja mwenye picha ya paka na jina la Kijapani. Huyo tulimjua kwa kusahihisha. Alikuwa anajua, hilo sikatai. Kaandika:

"Mzigua wewe, hiyo desu yako ungeipeleka shambani, ngedere wangehama tarafa."

Watu wakaanza kutuma vicheko. Mimi damu ikapanda. Mtu anatukana kabila, anamtukana binti wa watu mbele ya watu zaidi ya mia, siku kumi na mbili kabla ya usaili! Sikuuliza. Nilimwandikia maneno ambayo hapa siyarudii, yalianza na kima yakapita kwa malezi aliyopewa. Nikamalizia, "Na usimsemeshe tena huyu dada maisha yako yote." Halafu nikamtoa. Nikaandika anayetaka kumfuata mlango uko wazi. Nikarudi kwenye dashibodi na hasira zangu, nikaunganisha waya wa honi kwenye taa za breki. Dereva alipopiga breki gari likalia.

Jioni mwenzangu akapiga.

"Umefanya nini?"

"Nimekutetea."

"Kwa nani?"

"Kwa yule paka."

Nikasikia kuku wa kwao. Halafu akasema taratibu, na mimi akisema taratibu ndiyo naogopa, "Yule ni mtani wetu. Mnyamwezi wa Korogwe, babu yake alikuja kukata mkonge. Siku ya kwanza tu alinifuata inboksi akaniuliza mimi kabila gani, nikamwambia, akasema basi umekwisha. Kila siku saa kumi ananipigia, ananifundisha. Alifanya kazi miaka na mhandisi wa Kijapani kwenye mifereji ya mpunga. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Wewe umemwita kima."

Nilikosa pa kutazama. Mimi ni Mzigua. Utani nimezaliwa nao. Msiba wa babu yangu, Mnyamwezi mmoja alilala mbele ya jeneza akasema marehemu hapiti mpaka arudishe jembe aliloazima, na shangazi zangu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakakaa chini. Angesema neno lile lile mbele yangu, kwa sauti, na ule uso wanaoweka watani, ningemjibu hapo hapo kwamba nyie mlikuja kukata mkonge mkasahau njia ya kurudi, tukanywa chai. Lakini kwenye simu utani hauna uso. Na yeye alimtania mtu aliyemuuliza kabila faragha, akatania hadharani, akadhani sote tulikuwepo.

"Nitamrudisha," nikasema.

"Hataki. Nimempigia. Ameniambia, nimekatazwa nisikusemeshe maisha yangu yote, na mimi ni mtu mtiifu. Akakata."

Nilimrudisha, akatoka. Nilimrudisha tena, akatoka. Saa kumi ya kesho yake ikapita. Ya keshokutwa ikapita. Mwenzangu alikuwa ananitumia mimi voisi nimsahihishe, na mimi nina midomo tu, masikio sina. Kuna neno la shangazi na neno la bibi, tofauti yake ni kuvuta a katikati, na sisi tumezoea kuvuta karibu na mwisho, kila neno. Utamwita bibi wa watu shangazi siku nzima. Nikimsikiliza naona sawa, nikisikiliza tena naona siyo. Nikamwambia sijui. Sijawahi kusema neno hilo kwa mtu.

Siku ya nne mwenzangu akanielekeza kwake, nikawasha pikipiki, nikashika lami ya Korogwe. Njiani nilikuwa napanga maneno, nikifika kwenye neno samahani naongeza mwendo.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, kwenye zile kambi za zamani za mkonge, amefungua pampu ya maji ameitandaza kwenye gunia. Mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye... yule wa kwenye grupu. Wa Handeni."

Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa. Akaita ndani, "Mama! Njoo uone. Simba wa kwenye simu amekuja. Kumbe ni panzi!"

Mke wake akatoka na mwiko mkononi. "Huyu? Huyu ndiye aliyekuita kima? Mbona yeye ndiye ana shingo ya kima?"

"Usimguse, mama, atatutoa kwenye nyumba. Ni adimini."

Nikahisi masikio yanawaka. Kila mtu aliyepita anaitwa, anaelezwa, anacheka. Mtani akiwa na haki yake anachukua kitu chako na huna pa kushitaki, nilijua hilo, lakini sikuwahi kuwa upande ule. Alinyoosha mkono akachomoa ufunguo wa pikipiki yangu, akautumbukiza mfukoni.

"Mtu akija kuomba radhi halafu pikipiki inamngoja, haombi, anapita tu," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye ndoo. Nikasimama. Akasema kaa. Nikakaa. Akaniambia nisome kile kipande cha kujitambulisha cha mwenzangu, kwa sauti, kama mimi ndiye ninayekwenda Japani. Nikasoma. Akasema anasikia Mzigua anauza mahindi. Nikarudia. Mke wake akasema afadhali sasa anauza kwa jumla. Nikarudia. Majirani wawili walileta viti. Kila nikikosea mzee anagonga spana kwenye pampu, nakwenda mwanzo. Saa tano, saa sita, swala ikaita, tukaenda kuswali, tukarudi, nikaendelea. Mara mbili niliinuka niondoke kwa miguu. Mara ya pili nilifika barabarani. Mke wake akanifuata, akanipa kikombe cha uji, akasema, "Hasira yako ni nzuri, mwanangu, inakosa tu kazi. Rudi."

Nikarudi. Na sijui ni saa ngapi niliacha kuona aibu. Ninachojua ni kwamba mzee alisema jambo na mimi nikamjibu, "Nyie si ndio mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani mkasahau kuitua?" Watu wakapiga makofi. Akavua miwani, akapangusa macho.

"Ehee. Sasa umefika."

Saa kumi kamili alichukua simu yake, akapiga. Mwenzangu akapokea. Wala hakumsalimia. "Sema jina lako," akamwambia, "na ngedere wakae mbali." Nikasikia binti wa watu anacheka huku anavuta kamasi, akaanza.

Ufunguo nilirudishiwa kwa ahadi ya jogoo, niliyempelekea juma lililofuata. Na uadimini akachukua.

Siku ya usaili mwenzangu alikuja Korogwe, maana Kwedizinga mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni. Aliwekwa chumba cha mzee, kanga safi imetundikwa nyuma yake ukutani. Mimi nilikatazwa kuingia. Tulikaa mimi na mzee kwenye korido, mlango kati yetu na yeye. Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya bati, nasimama, nachungulia uwanjani, nakaa.

Alijitambulisha vizuri. Nikasikia "desu" imemezwa kama alivyofundishwa. Halafu yule Mjapani mwanamke akauliza kitu kirefu. Mwenzangu akajibu, akasita katikati, akatafuta neno, akajibu tena. Kule kwenye simu wakacheka. Wote.

Nilishainuka. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Mzee akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma, akanivuta chini mpaka nikakalia mguu wake.

"Wanamcheka!" nikamnong'oneza.

"Sikiliza kwanza."

Nikasikiliza. Na mwenzangu naye alikuwa anacheka.

Alipotoka jasho limempitiliza ushungi. Wamemuuliza, mzee unayemtunza akigoma kula utafanya nini. "Nikakosa neno la utani," akasema, "sijui hata kama wanalo. Nikawaambia kwetu mtu akigoma tunamchokoza mpaka acheke, na akicheka mdomo unafunguka, tunaweka kijiko. Yule mama akasema baba yake mwenyewe anahitaji hiyo."

Mzee akainuka. Aliingia ndani akachukua muda mrefu kutundua kanga.

Majibu yalichukua siku kumi na tisa. Nilikuwa simsikii mteja, simsikii fundi mkuu, simu ikitikisika natupa koleo. Siku ilipokuja nilikuwa nimeshika betri kwa mikono miwili, nikaibwaga.

"Nimepita," akasema.

Nilipiga kelele, gereji nzima ikageuka. Nikamuuliza tunamwambiaje mzee, nije tumpelekee pamoja, niwashe pikipiki sasa hivi?

"Nimeshamwambia," akasema. "Nilimpigia yeye kwanza."

"Ah. Sawa."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Unapumua kama umekimbia."

"Nimebeba betri," nikamwambia. Akacheka, akaniambia anaondoka Jumatatu kwenda mafunzo Dar, nimsindikize mpaka stendi nimbebee begi, na nisigombane na kondakta. Nikamwambia kondakta akimheshimu sina shida naye.

"Ukianza nashuka," akasema. "Nakwambia kweli, nashuka."

Jumatatu nilimbebea begi. Kondakta akalirusha kwenye buti kama gunia la mkaa. Nikamtazama. Mwenzangu akanitazama mimi kutoka dirishani. Nikaweka mikono mfukoni, nikaiacha humo mpaka basi likapinda.