Tulivyowaotesha Mama Zetu Meno

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: vumbi, jasho, na maharagwe yaliyoungua jikoni. Usinicheke ninavyokuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba na ndevu zangu bado zinashauriana kama zitoke. Lakini wewe uko kidato cha kwanza na mimi cha tatu, na hapa Kakuma mtu aliyekula maharagwe ya shule miaka miwili akabaki hai ni mzee. Kaa chini usikie.

Ilikuwa mwaka jana, 2012. Mwalimu Ekiru, anayetufundisha Kiswahili, alituambia tuandike insha, "Mama Yangu". Moja ingesomwa siku ya wazazi, na wa kuisoma yake alishachaguliwa: mimi. Si kwa akili. Mwalimu alisema nina sauti kubwa na sina haya. Mama yangu mwenyewe angepanda lori kutoka Lodwar aje kunisikiliza.

Nikaandika kurasa mbili huku nasinzia. Mama yangu ni mrefu wa wastani, macho yake yanang'aa, meno yake meupe yamejipanga bila kuacha nafasi. Unaijua hiyo insha. Hata wewe umeiandika. Tuliirithi kwa waliotutangulia, nao sijui waliitoa wapi.

Kisha Mwalimu akatuketisha wawili wawili. "Someaneni," akasema. "Anayesikiliza anauliza. Aliyeandika hajitetei." Nikapangwa na Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini anayeishi kambi ya wakimbizi, ambaye utani wangu haujawahi kumtoa hata tabasamu la kuazima.

Nikamsomea kwa madoido. Nikamaliza, nikangoja sifa.

"Mama yako ni Mturkana?" akauliza.

"Kabisa. Wa Nawoitorong, pale Lodwar. Kwani vipi?"

"Na meno ya mbele ya chini, anayo?"

Mwanangu, nilirudi kwenye karatasi yangu nikausoma tena ule mstari wa meno. Mama yangu hana meno mawili ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kama wenzake wa rika lake. Ndio urembo wao. Kupitia pengo hilo anatema tumbaku bila kupanua mdomo, na akipiga mluzi, mbuzi walio ng'ambo ya mto mkavu wanageuka. Nimeliona pengo hilo tangu nizaliwe. Na nilikuwa nimeliziba kwa kalamu.

Nikachungulia insha ya Lokwang mbele yangu. Mama mwenye meno yote. Ya Deng, nyuma: meno yote. Darasa zima, Waturkana na Wadinka, tulikuwa tumewaotesha mama zetu meno.

"Hata wangu alitolewa," Nyandeng akasema. "Alibaki Bor, kwetu. Sijamwona tangu nikiwa mdogo, na sura imeanza kunipotea. Pengo ndiyo nimebaki nayo. Wewe uko na wako, halafu unamfuta?"

Nikaikunja ile insha nikaitia mfukoni.

Nikaandika upya. Nikaweka pengo kwenye mstari wa tatu, nikampelekea Nyandeng kwa majivuno.

"Limekaa tu," akasema. "Linafanya nini?"

Nikaandika tena, tumbaku ikaingia, na mbuzi wakageuka.

"Na mbuzi wanasikia nini?"

Nikamwita mchawi, nikaandika tena. Nilidhani kusahihisha ni kunakili kwa mwandiko safi. Kumbe kila swali lake lilikuwa linanirudisha nyumbani nikaangalie vizuri.

Siku ya wazazi ikafika. Mama yangu, mbele ya watu wa ofisi, huziba mdomo kwa kiganja. Na mimi nilikuwa naenda kulitangaza pengo lake kwa sauti kubwa. Nikamnong'oneza Nyandeng, "Nimrudishie meno?"

"Basi mwambie akae nje," akajibu. "Huyo utakayemsoma si yeye."

Nikasoma. Nilipofika kwenye pengo, nikaona kiganja cha mama kikipanda mdomoni. Nikaendelea, tumbaku, mto mkavu, mluzi, na ile sauti kubwa ikaanza kunitoroka. Kiganja kikashuka. Mama akasimama mbele ya mgeni wa heshima na kofia yake, akapiga mluzi. Mbuzi waliokuwa wanatafuna makaratasi kando ya ua wakainua vichwa, wote.

"Hiyo mama ni mimi," akatangaza. "Kijana amesema ukweli."

Nikamtazama Nyandeng. Alikuwa amefumba macho. "Mama," akasema, "rudia tena."

Mama akarudia.

Sasa sikiza, mwanangu. Insha yako usimpelekee anayekuogopa wala anayekupenda sana. Huyo atakwambia iko poa, na utabaki na mama wa watu. Mpelekee atakayekuuliza, kisha ufunge mdomo. Ikiuma, andika tena. Na ukisomewa ya mwenzako, usitafute makosa ya kuchekesha darasa. Mwambie tu pale ambapo humwoni mtu wake. Nasema hivi mimi, niliyeishi kwa kuchekesha darasa.

Nenda, na Akuj, Mungu wetu, akulinde. Akupe msomaji mkali, wino usiokauka kwa joto hili, na maharagwe yasiyo na mawe. Na mama yako akikusikia ukimsoma, ajitambue.