Siku Niliyowafundisha Wazazi Maana ya Nyoka

Jamani, nimechoka kuchekwa, heri niseme mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Msambweni, Mkamba niliyehamia pwani. Nilipotoka kwenye semina kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza maana za maneno, niliwaita wazazi wiki jana, katikati ya mvua hizi za El Nino, ili niwamwagie elimu yangu.

Nikiwa nimenogewa, Mwanasha wa miaka mitatu akanivuta gauni.

"Mwalimu, nyoka."

Nikatabasamu kwa maringo. "Mwaona, wazazi? Mtoto akilijua neno moja, hulitumia kwa kila kinachofanana. Kwa huyu, kamba ni nyoka, mshipi ni nyoka, hata mpira wa maji ni nyoka."

"Mwalimu," nyanyake akaniita taratibu, "hebu tazama kwanza."

"Niwie radhi, nyanya. Tukishtuka tutamtia mtoto hofu."

Nikaendelea, tena kwa sauti ya juu zaidi. Wazazi wakaanza kuinua miguu, nami, mjinga nisiye na mfano, nikadhani wamechoka kukaa.

Ndipo kitu cha baridi kikapita juu ya vidole vyangu vya mguu. Sikumbuki nilivyopanda mezani. Nakumbuka nikipiga mayowe kwa lugha ya mamangu: "Nzoka! Nzoka!"

Baba mmoja akamfukuza nyoka nje kwa ufagio. Macho yote yakanigeukia pale mezani. Mwanasha akaniinulia uso kwa huruma.

"Si nzoka, mwalimu," akanirekebisha. "Ni nyoka."