Jina la Mzee Mgaya

Siku niliyoripoti kazini, kituo cha utafiti wa mazao nje kidogo ya mji wa Njombe, Mkuu wa Kituo hakunikaribisha hata kiti. Alinionyesha kabati la chuma, akatikisa ufunguo mbele ya pua yangu.

"Binti, jasho letu limo humu. Usimpe mtu karatasi hata akija na kimemo cha Waziri."

Nilidhani ananitania. Thubutu! Haukupita muda na mimi nikawa nafunga mpaka droo ya majani ya chai.

Msinicheke, vijana. Ilikuwa miaka ya soko huria, mashirika ya umma yanauzwa, na kila gari geni likipanda kutoka Makambako tuliulizana limekuja kununua nini. Wakulima nao walitutilia shaka sisi. "Bibi shamba, we wakala wa nani?" waliniuliza, nami sina hata baiskeli.

Kazi yangu ilikuwa viazi mviringo. Nilitafuta mbegu inayostahimili ukungu, ule ugonjwa unaounguza majani shamba zima mvua ikikolea. Jaribio la namna hiyo huwezi kulimaliza kwenye shamba la kituo, kwa sababu la kituo hubembelezwa mno. Mzee Mgaya wa Kitandililo, Mlutheri asiyecheka ovyo, alinipa kipande cha shamba lake pamoja na mbegu yake ya zamani ya kulinganishia. Alinipa na sharti. Ukiazima mbegu kwake, ukivuna unarudisha, na unarudisha mchana, majirani wakiona.

Matokeo ya misimu ya mwanzo niliyaandikia makala, nikayapeleka kwenye jarida la ng'ambo. Wahakiki, yaani wataalamu wenzako wanaoisoma kazi yako kabla haijachapwa, waliipitisha. Nikatia saini hati ya kuwaachia wenye jarida haki ya kuchapa na kuuza. Ulikuwa umebaki msimu mmoja tu wa kuthibitisha mbegu, ndipo igawiwe kwa wakulima.

Hapo Mzee Mgaya akafika kituoni na binti yake, mwalimu wa sekondari.

"Kamwene, bibi shamba. Nasikia umeniuza Ulaya."

Nilimpa jarida. Mwalimu akasoma ukurasa kwa ukurasa, akainua macho. "Baba, hapa wameandika 'shamba la mkulima mmoja'. Jina lako halimo."

Nilihisi uso unawaka. Nililiandika jina lile, naapa! Nikafungua kabati, nikatoa mswada wangu, ile nakala niliyopiga chapa mwenyewe kabla haijakwenda. Mwishoni, kwenye shukrani, jina lilikuwapo, na kijiji chake, na mbegu yake. Wenye jarida walilikata ili kubana nafasi.

Mzee aliutazama mswada, akalitazama kabati.

"Watu wanasoma ipi?"

"Hiyo iliyochapwa, baba," nikamjibu.

"Basi hujarudisha kitu. Na shamba nimefunga."

Nililia siku ile, siwafichi. Bila shamba lake msimu wa mwisho haupo, na bila msimu huo mbegu ingeozea kituoni. Niliwaandikia wenye jarida kwa ukali. Wakajibu kwamba kurasa walizopanga wao nisiziguse, ila mswada wangu mwenyewe naruhusiwa kuuweka wazi. Kulikuwa na chuo kimoja kilichofungua ghala la makala kwenye mtandao, mwandishi anahifadhi kazi yake mwenyewe, na yeyote anaisoma bure.

"Bure?" Mkuu wa Kituo alinikazia macho. "Nani siku hizi anatoa kitu bure? Kuna mtego hapo."

Hata mimi niliuogopa huo mtego. Lakini niliipeleka disketi Makambako, kwenye duka la intaneti la kijana mmoja wa Kondoa, nikapandisha mswada. Kisha nikamwita Mzee Mgaya aje ajionee.

Alikataa kuangalia pale. "Mashine hii umeizoea. Umeipanga wewe." Tukavuka barabara mpaka duka jingine. Mwalimu ndiye aliyebofya, mimi nikaamriwa nisimame mlangoni mikono nyuma. Jina likatokea.

"Funga," mzee akasema. "Fungua tena."

Likatokea tena. Wapakiaji wa viazi waliokuwa nje walishaanza kuchungulia dirishani, naye akawaita waingie wasome. Wakalisoma kwa sauti, jina lake na kijiji chake. Mzee akavaa kofia.

"Njoo Jumatatu. Matuta yapo tayari."

Mbegu ilithibitishwa msimu ule, na mpaka leo inalimwa hadi Lupembe.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kugombana na majirani. Vijana watafiti wakija kunisalimia nawaambia wasome hati kabla ya kutia saini, mswada wao wautunze, kisha wauweke mahali pa wazi. Wananiona bibi mwenye wasiwasi. Sawa, ninao. Mzee Mgaya alishazikwa, na maghala ya mtandao nayo huhamishwa na kufungwa, nani anajua? Kwa hiyo kila msimu wa kupanda naazima simu ya mjukuu wangu, natafuta ile makala, nashuka moja kwa moja mpaka kwenye shukrani. Jina lipo.

Nafunga. Halafu nafungua tena.