Godbless Akiondoka na Funguo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Hounslow. Lusekelo Mwambene amelala chali chini ya dashibodi ya Land Cruiser nyeupe, miguu imetokeza mlangoni, tochi ameibana kwa meno. Anang'oa nyaya alizozifunga mwenyewe wiki nzima. Ndege za Heathrow zinashuka juu ya paa la gereji, na kila moja ikipita inabidi mtu anyamaze kwanza.

Lori la kulipeleka gari bandarini linafika saa nne.

"Fundi, si jana uliniambia imekwisha?" anauliza Rupinder, mwenye gereji, mzaliwa wa Kisumu.

Lusekelo anatoa tochi mdomoni. "Imekwisha kwa huku, Mzee. Kwa kule bado."

Lusekelo, miaka arobaini na sita, kwao ni Tukuyu. Ana miaka kumi na mmoja akifunga redio za mawasiliano kwenye magari ya porini, kwa paundi kumi na nne kwa saa. Wateja wake wengi ni wakulima, na watu wanaopenda kuendesha kwenye matope kwa starehe zao tu. Hao husahau kuzima redio, asubuhi betri imekufa, lawama kwa fundi. Basi amejizoesha kufunga redio ipitie kwenye swichi ya funguo. Gari likizimwa, redio nayo inazimika.

Hili nalo alilifunga hivyo hivyo. Ila hili haliendi kwenye starehe. Watanzania wa Harrow wamelichangia liende kubeba wajawazito wa zahanati moja karibu na Ziwa Rukwa, ambako simu haishiki mtandao.

Leo saa moja, mkunga wa zahanati hiyo, Gaudensia, alimpigia kutoka mjini kushukuru. Katika mazungumzo akamsimulia kisa cha masika yaliyopita. Gari lao bovu lilinasa kwenye tope, ndani kuna mama mwenye uchungu. Dereva, Godbless, akazima, akachomoa funguo, akaenda kwa miguu kutafuta watu wa kusukuma. Alirudi baada ya saa sita. Mtoto alikuwa ameshazaliwa kwenye kiti, na mama amevuja damu nyingi. Walinusurika, lakini chupuchupu.

"Nikamwambia, safari hii mtakuwa na redio," anasema Lusekelo. "Halafu nikakumbuka funguo. Akiondoka nazo, redio imezimika. Nikauliza, kwani huyo hawezi kuziacha? Akacheka. 'Kaka, Godbless atasahau viatu, funguo haachi. Aliziacha siku moja, watoto wakaliingiza gari mtaroni.'"

Rupinder anasikiliza, kisha anatikisa kichwa. "Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, redio itainyonya. Gari halitawaka. Si ni mbaya zaidi?"

"Ndiyo maana naweka betri ya pili, ya redio peke yake. Ile ya Ajay."

"Ajay anakuja kuchukua gari lake kesho!"

"Ajay anakwenda kwenye matope kucheza, Mzee. Atangoja."

Rupinder anaguna, kisha anakwenda kuibeba mwenyewe.

Saa tatu na nusu nyaya zimerudi. Betri imefungwa chini ya kiti cha nyuma, fyuzi iko pembeni yake. Lusekelo anachomoa funguo na kumpa Rupinder. "Nenda nazo mbali."

"Leo mimi ndiye Godbless," anasema Rupinder, akitoka getini.

Taa ya redio inawaka. Lusekelo anamwita Harish, mstaafu wa Kenton aliyezaliwa Tabora, mwenye antena kubwa kwenye bustani yake. Wote wawili wana leseni ya kurusha mawimbi.

"Harish, unanipata?"

Anaita tena. Anagusa waya wa antena, anaukaza, ingawa umekaza.

"Harish! Harish!"

"Nakupata, kijana. Nilikuwa nachuja chai. Haraka gani hiyo, nani anajifungua?"

Lusekelo hacheki. Anaegemeza kichwa kwenye usukani.

Lori linafika kabla ya wakati. Dereva wake anataka funguo, alipandishe gari. Rupinder haonekani. Anarudi baada ya robo saa na mfuko wa sambusa, funguo zikilia mfukoni.

"Umeona, Mzee?" Lusekelo anamwambia. "Na wewe hukuwa hata na tope."

Meli itachukua wiki sita. Amekwisha kumpangia Gaudensia: kabla mgonjwa yeyote hajapanda, azime gari, ampe Godbless funguo, amtume atembee mpaka asionekane. Kisha akae humo peke yake na aite hospitali ya wilaya, ambayo nayo ina redio.

"Akijibiwa, anijulishe," anasema Lusekelo, akilitazama lori likikata kona. "Mpaka siku hiyo, mimi bado niko chini ya dashibodi."