Padri alivyokatisha misa kwa ajili ya matofali ya sekondari yetu

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Anayebisha aje Lubumbashi nimwoneshe ukuta wenyewe, aupige ngumi.

Naishi kitongoji kidogo pembeni ya mji, nyumba za wafanyakazi wa zamani wa mgodi na reli. Tuna sekondari moja tu, ya serikali. Haina geti, ila ni yetu.

Mwaka jana mkaguzi alikuja akasema darasa la sita, yaani la mwisho, lisipopata chumba chake kabla ya shule kufunguliwa, wanafunzi wahamie mjini. Kusema ni rahisi. Kwa usafiri wa huku nusu yao wangeishia nyumbani, na wa kwanza ni binti yangu Mwadi.

Jioni hiyo akaniuliza: "Papa, sizième ikienda mu ville, mi njo nimemaliza masomo?"

Yaani darasa la sita likihamia mjini, yeye ndiyo basi shule. Nilikasirika tu, nikaenda kufungua redio ambayo haikuwa mbovu.

Prefe wetu, ndivyo tunavyomwita mkuu wa sekondari, ni mama mfupi asiyejua kuchoka. Akaitisha wazazi nyuma ya shule, kwenye kichuguu kikubwa kuliko nyumba yangu. Waliofika huku kwetu Katanga wanajua, udongo wa kichuguu unatoa tofali kali.

"Classe yetu njo hii," akasema, akionyesha kichuguu. "Tuivunje."

Kiangazi kizima tukafyatua. Wazee wa reli, mama wa sokoni, wanafunzi wenyewe. Matofali yakapangwa uwanjani yakauke, yakisubiri kuchomwa.

Jumapili moja tuko misani, msimu wa mvua bado kabisa. Padri ndiyo kwanza anaanza mahubiri, ngurumo! Kanisa zima likageuza shingo dirishani. Mgeni angedhani shetani amepita nje.

Padri naye akachungulia, akafunga kitabu.

"Mungu iko anatuona. Mwende na amani. Na mwende mbio!"

Wakuu, nimeshaona watu wakikimbia, lakini si vile. Kwaya ilitoka na kanzu zake. Uwanjani yakaja maturubai, vitenge, hata mlango wa mtu, vya kufunikia tofali. Havikutosha. Safu za mwisho zilikuwa wazi na matone yameshaanza.

Mke wangu akanivuta shati: "Toa ma tôle ya cuisine!"

Nikamwambia amerukwa na akili. Ndizo bati pekee za jikoni kwetu.

"Cuisine ikilowana, itakauka. Tofali ikilowana, inarudia udongo. Panda!"

Nikapanda. Majirani wakaniona, nao wakapanda kwao. Paa zikawa zinatembea barabarani juu ya vichwa vya watu.

Mvua ikapiga mpaka ikachoka yenyewe. Prefe akafunua bati la kwanza, akagonga tofali kwa kidole. Kavu! Vigelegele vilivyopigwa pale sijasikia harusini. Mimi nililia mbele za watu, na wala sioni aibu.

Tukachoma, tukajenga. Kufika kwenye paa, bati hatuna. Mke wangu akasema zetu tayari ziko palepale, zirudi nyumbani kufanya nini?

Basi Mwadi akasoma darasa la sita chini ya bati za jikoni kwao.

Juzi matokeo ya mtihani wa serikali yametoka. Amepasi! Huku anayepasi humwagiwa poda nyeupe kichwani. Tulimmwagia mpaka mbwa wa jirani akawa mweupe, na prefe akacheza barabarani na viatu mkononi.

Nilichojifunza: shule ikishakuwa yenu, hamwulizani nani atoe bati.

Kwenu sekondari zilijengwaje, wakuu? Mwageni za kwenu, nipo nasoma.

Na mkipita Lubumbashi karibuni bukari, ugali wetu wa huku. Mke wangu anapika vizuri sana, ila chagueni siku isiyo na mvua.