Maelekezo Wanayopewa Wageni

Ukija kwetu kutazama wanyama, njoo kiangazi. Nyasi zimekauka, miti imepukutisha majani, na wanyama wenyewe wanafuata maji, kwa hiyo huhangaiki sana kuwatafuta. Beba mkoba laini, siyo sanduku gumu, maana barabara ya porini italipasua. Usisahau sweta. Asubuhi za Manyoni zina baridi ambayo watu wa pwani huwa hawaiamini mpaka iwakute. Haya yote siyo yangu. Ni ya mume wangu, dereva wa watalii, na nimeyajua kwa kumsikia akiwaambia watu wengine.

Nilikuwa na wivu, sitaficha. Watu hudhani mke wa dereva wa watalii anaonea wivu wanawake. Mimi niliwaonea wivu wageni wote, wake kwa waume, hata vikongwe, kwa jinsi mume wangu alivyozungumza nao. Nyumbani yeye ni mtu wa "mmh". Ukimuuliza safari ilikuwaje, "mmh, nzuri." Ukimuuliza tembo akiwa karibu anaonekanaje, "mkubwa." Lakini simu ya mgeni ikilia anatoka uani, anakalia ndoo, na sauti yake inalainika kama uji. Anaeleza. Anacheka. Anamuuliza mgeni kama amelala vizuri! Mimi niko jikoni nakata vitunguu, nasikia kila neno, najiuliza mtu huyu aliniuliza lini mimi nimelalaje. Nilichotaka ni kuzungumziwa hivyo na mimi, walau mara moja.

Nafasi ilikuja mpishi wake alipougua homa na wageni wameshafika. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi, na kuku wangu wa kienyeji anajulikana. "Utaweza kuja kupika?" akaniuliza. Baada ya miaka yote ya kumwomba anipeleke porini, hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote niliyopata.

Mimi ni mzaliwa wa Mtinko, na kwetu mtu akisafiri anavaa. Hata ukienda Singida mjini kwa nusu siku, nguo ya sandukuni inatoka, ili huko uendako wajue umetoka kwa watu. Sasa nasafiri na mume wangu, kwenye gari analoliendesha yeye. Nilivaa kitenge changu kipya, bluu iliyokolea yenye maua meusi, mikono mifupi, nilichokuwa nimeshonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nikapiga na kilemba. Aliniona nikitoka mlangoni nimependeza, akayatazama masufuria, akauliza kama nimebeba chumvi.

Wageni walikuwa mke na mume kutoka Dar es Salaam, rika letu kabisa. Njiani yule mama akanigeukia, akaniambia kwa furaha kwamba alimwomba mumewe amlete kuona tembo, na mumewe akakubali siku ile ile. Mara moja tu aliomba. Nikamwambia hongera. Moyoni nilitamani hata tembo wasitokee.

Tulipofika mwanzo wa pori la akiba, mume wangu aliegesha gari pembeni, akazima injini, akageuka mwili mzima kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na masufuria na gunia la mkaa. Akaanza, kwa sauti ile ya uani.

"Karibuni sana. Kwanza nguo. Naona mmenisikiliza, mmevaa rangi ya udongo. Bluu na nyeusi mbung'o wanazipenda mno, na dawa ya kujipaka wala hawaijali. Mikono mirefu, kitambaa kizito, na gari likiwa linatembea tufunge vioo. Maji, dada yangu, usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo. Ukitaka kujisaidia niambie, nikague mahali kwanza, usiingie kichakani peke yako. Tukikutana na tembo tunanyamaza, tunamwacha yeye aamue."

Nilijitazama. Bluu na nyeusi, kuanzia kichwani. Nguo pekee niliyobeba ya kubadilisha ilikuwa kanga nyeusi. Nilisubiri atupe jicho nyuma, hata la kuniomba radhi. Aliwasha gari.

Kioo cha huko nyuma kilikuwa hakifungi mpaka juu, na mbung'o walikijua kuliko fundi. Hawaumi kama mbu. Wanachoma kama sindano, na kitenge hawakioni kitu. Nilipiga, nilijikuna, nikajifunika kanga, wakaongezeka. Mbele, kwa wale wa rangi ya udongo, kulikuwa kimya na amani. Kisha tukapita mti uliotundikwa kitambaa, nusu bluu, nusu nyeusi, na yule mama akauliza ni cha nini.

"Mtego huo, dada," mume wangu akajibu kwa upole. "Mbung'o wanafuata hizo rangi, wanagusa dawa, wanakufa."

Yule mama akageuka kunitazama, akarudisha macho mbele haraka kwa aibu. Kitambaa kile na mimi tulikuwa sare. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na dawa.

Tembo walitokea, jike na mtoto wake, kando ya korongo lililobaki na maji kidogo. Mume wangu alizima injini, akanong'ona, akampa yule mama darubini, akamwonyesha pa kutazama. Darubini ikaenda kwa mumewe, ikarudi kwake. Yule mama ndiye aliyekumbuka kuninyooshea.

"Nimeshaona, asante," nikasema. Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona masikio tu, katikati ya vichwa vya watu wawili wenye furaha. Lakini nisingepokea kwa mkono wa mgeni kitu nilichokisubiri kwa mume wangu.

Siku ya kurudi tuliwashusha wageni kwenye nyumba ya kulala wageni pale Manyoni. Walimshukuru mume wangu sana, na kuku wangu pia wakamsifu. Walipoingia ndani, mume wangu akasema, "Hamia mbele."

Nikahamia. Akashika ufunguo.

"Baba watoto, habari ya bluu mbona hukuniambia?"

"Si wewe ni wa hapa hapa? Nilijua unajua."

"Kwetu Mtinko ni mashamba na mbuzi. Mbung'o ningemjulia wapi? Tembo ningemjulia wapi? Ni wewe unayewajua, na unawaambia watu wote isipokuwa mimi."

"Mmh," akasema, akawasha gari.

"Zima."

"Nini tena?"

"Zima gari. Mimi ni mgeni. Anza mwanzo, kama ulivyowaanzia wenzangu."

Akacheka. Aliponiona sicheki, akazima. Kisha akageuka mwili mzima kwenye kiti, vile vile anavyowageukia wao.

"Karibu sana, mama," akasema, na sauti ilikuwa yenyewe, ile ya uani. "Kwanza nguo..."

Macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Ilikuwa imevimba kuanzia viganjani mpaka mabegani, na nilipojikuna palikuwa vidonda. Hakusema hata "mmh".

"Endelea," nikamwambia. "Bado maji."